Lofa wa Nkowe

Mke wangu mpenzi, Mama Hadija,

Jana mwalimu wa shule aliniuliza neno "lofa" limetoka wapi. Ameona mimi ndiye mtaalamu, nami sikukataa, maana jina hilo hapa Nkowe nimelivaa kuliko kanzu yangu ya Idi. Nilimjibu vizuri tu. Lakini jibu lenyewe hasa ni lako, ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua huko uliko posta haifiki.

Nilimwambia kwamba sisi tulilipata kambini Nachingwea, enzi zile za mradi wa karanga wa Waingereza, tulipokuwa tunang'oa visiki nyuma ya matrekta. Msimamizi wetu mzungu akimkuta mtu ameegemea jembe, humfokea: "Lofa!" Kwake lilikuwa tusi la mvivu, mkwepa kazi. Wanyapara wakalidaka, nasi tukawa tunatukanana nalo kwenye foleni ya unga. Baadaye karanga zikagoma, kazi ikaisha, tukatawanyika kila mtu na neno lake. Lilipofika huku Ruangwa lilikuwa limekwisha kubadilika: lofa si mvivu tena, ni mtu asiye na kitu kabisa. Maskini mlikuwa naye, fukara mlikuwa naye na mlimwombea dua. Lofa alikuwa kiumbe kipya. Juzi tu alipokea mshahara, leo suruali yake ndefu ina kiraka cha gunia.

Unaikumbuka suruali ile? Ulicheka kisimani mpaka maji yakakumwagikia. "Kaka, humo guniani karanga zimebaki?" Nikakupenda palepale. Ulijitakia mwenyewe.

Mjomba wako Salumu, mwenye neno la mwisho juu yako kama ilivyo desturi yenu, hakucheka nilipokuja kuposa. Alisema mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, asiye na ndugu wala shamba, kwanza alime kwa mama yako msimu mmoja, atazamwe. Mimi, kwa hamu ya kuonyesha kwamba si lofa, nikaamka alfajiri nikafanya kama nilivyofundishwa kambini: kila kilichosimama, chini! Kufikia adhuhuri nilikuwa nimefyeka shamba, na kichaka cha pembeni nimeking'oa mpaka mizizi. Nikasimama kifua mbele, nangoja sifa.

Kumbe kichaka kile ndimo mama yako alimochimba ming'oko, viazi vya porini, chakula kikiadimika.

"Mwaka wa njaa tuchemshe mikono yake?" mama yako akauliza.

"Huyu ndiye lofa kamili," Mjomba akasema. "Hana kitu, na chetu amekimaliza."

Nilikaa nyuma ya ghala, najiandaa kuondoka. Ndipo ulipokuja na ugali na kisamvu, ukaniwekea chini. Ukasema, "Mjomba amekosea. Lofa si mtu asiye na kitu. Ni mtu asiye na wa kumwuliza, umekula?" Kisha ukanitazama na lile jicho lako la uchokozi. "Haya, umekula?"

Nilibaki. Mjomba aliniamuru nirudishe vichwa vya ming'oko ardhini, nikilinde kichaka kama mtoto. Kikaota tena, tukaoana, akaja Hadija.

Sasa hupo, Mama Hadija. Matanga yameisha, na kwa desturi mume aliyefiwa hurudi kwao, hana wa kumzuia. Hadija ni wa kwenu, atabaki kwa Mjomba. Mimi kwetu hakuna aliyebaki wa kunipokea. Wiki iliyopita nilifunga mzigo. Hata ile suruali nilitia, sijui ya kazi gani. Mkono ulikuwa mzito kama siku za visiki.

Mjomba akanikuta nakaza kamba. Amezeeka, anatembea kwa kusikilizia magoti.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, Mjomba."

"Na kichaka changu umemwachia nani?"

Akaketi juu ya mzigo wangu kana kwamba ni kiti alichowekewa, akapumua, akatazama jikoni ambako Hadija alikuwa anapuliza moto.

"Wewe lofa," akasema, "umekula?"

Mwalimu sikumweleza sehemu hiyo. Angeniona nalia, na mtaalamu halii. Mzigo nimeufungua; suruali Hadija ameikata, anafutia masufuria.

Pumzika, mama. Mchana huu nimekula.

Mumeo, Baba Hadija,
lofa mstaafu.