Fahali wa Kipilefti cha Katesh

Mpendwa Marieta,

Hamjambo hapo Tlawi? Mimi ni mzima, mgongo tu umechoka.

Tulisimamisha fahali wa saruji kwenye kipilefti cha Katesh, katikati ya mzunguko wa barabara, nikitarajia kuja nyumbani Jumamosi. Jana wafugaji wakapitisha ng'ombe. Dume lao likadhani limepata mpinzani, likamvunja wetu miguu kabla saruji haijakauka.

"Mzee, zuia dume lako!" fundi wetu akafoka.

"Lenu ndilo lililoanza kukodoa macho," mzee akajibu.

Tulicheka hadi tukakaa chini. Lakini tunaanza upya, sitawahi ubatizo wa mtoto wetu. Mwombe padri asogeze Jumapili moja. Akikataa, mbatizeni, ila umbebe wewe. Sijamwona mtoto wangu bado, na sitaki nimkute ameshazoea mikono ya wajomba.

Mumeo anayekukumbuka,
Abel