Ukurasa wa Afya wa Nasur

Koboko, 12 Januari 1974

Mdogo wangu Nasur,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila jua huku ni kali mpaka midomo inapasuka. Kifua chako kimepona? Ukurasa wako wa afya wa gazetini nimeubandika ukutani pamoja na zingine. Wanawake wa hapa kijijini Lurujo mtoto akishikwa na homa hawaendi dispensari kwanza, wanakuja niwasomee ukuta. Eti mimi daktari! Mimi niliyeacha shule darasa la nne ili wewe usome. Binti yangu Rehemah sasa anajua kusoma jina lako.

Dada yako, Zulaika

Arua, 20 Januari

Dada yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Kifua kimepona. Barua yako nimewaonyesha wenzangu wote gazetini, wamenicheka mpaka basi. Sasa naandika jambo zito: homa ya uti wa mgongo. Nimezunguka vijiji vya Dadamu siku tatu, nimeona watoto shingo zimekakamaa. Toleo lijalo usilikose.

Mdogo wako, Nasur

Koboko, 9 Februari

Nasur,

Hujambo? Gazeti limefika. Kumbe umeandika ni malaria tu, watoto wapewe klorokwini na wakae nyumbani. Alhamdulillahi, maana ulinitia hofu! Nimewasomea wote. Rehemah ana homa tangu jana, anasema shingo inamuuma. Nimempa vidonge kama ulivyoandika.

Dada yako

Arua, 13 Februari

Dada,

Salamu baadaye. Mpeleke Rehemah hospitali sasa hivi, mpandishe lori lolote! Siyo malaria. Wakubwa wa serikali walimwita mhariri, wakasema ugonjwa huo haupo. Akafuta maneno yangu, akaweka yake, jina langu akaliacha. Obeti wa gazetini alibisha, hatujamwona tena. Mimi nilinyamaza. Hata mistari miwili sikukuandikia, niliogopa barua itafunguliwa. Hii nampa dereva Amandu mkononi.

Nasur

Koboko, 2 Machi

Nasur,

Barua yako ilifika siku mbili baada ya kumzika Rehemah. Lurujo wamezika watoto watatu. Mama zao niliwarudisha nyumbani mimi, kwa kinywa changu.

Jana alikuja Drateru, aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Akaniuliza, "Nasur alijua?" Nikasema hakujua. Nimemdanganya mfiwa mwenzangu kwa ajili yako.

Kukutupa siwezi, nimekulea. Kukusamehe pia leo siwezi. Barua sitaki tena. Panda lori uje umwambie Drateru mwenyewe. Nitakaa nawe kwenye mkeka wake, akitutukana atutukane wote wawili.

Dada yako, Zulaika