Kinachoshuka Kisimani

Shambani, Nebraska
Oktoba 11, 1993

Roza binti yangu,

Hujambo huko Lincoln? Sisi wazima. Mwanao Tilda, miezi yake miwili, anavuta chupa kama ndama. Maliza mafunzo yako ya uuguzi bila wasiwasi.

Jana alikuja afisa wa ruzuku. Eti serikali itanilipa nikipunguza mbolea, nikiacha ukanda wa nyasi kando ya kijito, na wao wapime kisima. Nikamwuliza, "Bwana mdogo, umewahi kuvuna hata gunia moja?" Sahihi yangu hakuipata. Miaka thelathini namwaga mbolea, na maji yetu ni maangavu, hayana harufu. Kama ni sumu, mbona ningali hai?

Baba yako

Oktoba 16

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi imeanza. Ubishi wako naujua tangu utotoni. Tia sahihi. Kupimwa kisima hakupunguzi mahindi. Tilda anaongezeka uzito?

Mwanao, Roza

Oktoba 21

Roza,

Marahaba, mama. Tilda amepoa, halii tena. Tangu Jumatatu midomo na kucha zake zina rangi ya zambarau, kama za mtu aliyekula forosadi. Homa hana. Hatubahatishi: maji ya kukorogea maziwa yake ya unga mama yako anayachemsha mara tatu, mpaka ibaki robo ya sufuria. Jana mtoto alinitazama muda mrefu bila kupepesa, kama anayemsikiliza mtu nyuma yangu.

Baba yako

Oktoba 23, mezani jikoni

Baba,

Barua yako imenifikia asubuhi. Nimepiga simu, inaita tu, nikapanda basi. Mlango uko wazi, hakuna mtu. Sufuria ina ukoko mweupe chini. Mbolea iliyo majini haitoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inakolea. Damu ya mtoto mchanga ikiingiwa nayo haibebi hewa. Nakwenda hospitali kuwatafuta. Tukipishana, msimpe tena maji haya.

Roza

Novemba 6

Roza,

Mmefika salama wewe na Tilda? Midomo yake ingali myekundu tangu daktari amtibu? Ile damu yake ya rangi ya kakao waliyomtoa hospitalini bado naiona.

Nimetia sahihi. Afisa hakunicheka, ingawa nilimpa nafasi. Alipima kisima, akakuna shingo. Nikamwambia, basi, mbolea nimeacha. Mwakani mjukuu wangu atakunywa hapa. Akasema maji hushuka polepole kwenye udongo wetu. Haya tunayoteka leo yamebeba mbolea niliyomwaga ukiwa darasa la pili. Ya msimu uliopita bado iko njiani.

Jana nilisimama katikati ya shamba nikahisi inatembea chini ya viatu vyangu. Haina haraka.

Usimlete Tilda. Tutakuja sisi.

Baba yako