Kidole Kisichoshika Jembe

Jumanne

Eti nitafute kidole cha mtu mwingine! Hasira bado hazijaisha.

Leo kwenye mafunzo ya simu kule Kabasa tulifundishwa kufunga simu kwa alama ya kidole. Za wenzangu zilikubali. Yangu ilikataa dole gumba, ikakataa na vingine. Jembe limevisugua mpaka havina mistari.

"Mama Nyangeta, labda shemeji yako aweke chake," mwalimu akasema.

Shemeji! Tangu mume wangu afariki, yeye ndiye anafunguaga meseji zangu, eti mimi nitaharibu simu. Kesho yake habari zangu nazisikia kwa majirani.

Nikasema simu ni yangu, tujaribu vyote. Kikabaki kidole kidogo cha kushoto, kilichopinda tangu utotoni, ambacho hakishikagi jembe. Kikafungua.

Naogopa, sitaficha. Shemeji akinuna, ukoo mzima utaninunia.

Lakini jioni alikuja, akanyoosha mkono kama kawaida. "Lete tuone nani kakuandikia."

Nikampa. Akabonyeza, akabonyeza tena, akaifuta kwenye shati, akabonyeza. Kisha akaniangalia.

"Soma basi, shemeji," nikamwambia.