Buibui Lako Siku ya Kura

Dada yangu Zuhura,

Alhamisi mjukuu wangu Salma alinipeleka kupiga kura, shule ya jirani hapa Edmonton, ughaibuni. Mvua inanyesha, foleni haisogei, magoti yananiuma. Akaniambia, "Bibi, let's go home. It's only one vote." Ati turudi nyumbani, ni kura moja tu! Nikamkemea mbele za watu mpaka akashangaa. Angejuaje, maskini? Hata wewe umeondoka duniani hujui.

Unaukumbuka uchaguzi ule kule kwetu Pemba, zama za Mwingereza? Baba yetu chama hiki, wewe na mumeo Sefu chama kile, na watu wa vyama viwili walikuwa hawauziani hata chumvi, wala hawazikani. Ulikuja kulala kwetu kwa sababu kituo cha kura kilikuwa karibu. Mimi umri wa kura sikuwa nao, lakini kwa kiherehere cha chama nilimshinda Baba. Nikaona kama siwezi kuongeza kura kwetu, basi nipunguze kwenu.

Ulipoingia kuoga, nikalitoa buibui lako msumarini nikalitia kwenye mtungi mtupu uani.

Ulilitafuta mpaka ukalia. Mama alikuwa keshatoka na lake, na mke wa mtu kupita mjini bila buibui siku zile ilikuwa aibu kubwa. Ukanituma kwa jirani nikuazimie. "Aende akaazime kwa chama chake!" akanijibu, nami nikarudi nikicheka moyoni. Jioni, kituo kimeshafungwa, nikalitupa nyuma ya kitanda. Ukalikuta, ukajilaumu mwenyewe kwa uzembe.

Tukashinda kwa kura moja. Moja, Dada! Ngoma zikalia mtaa mzima. Kesho yake Sefu akaja na macho mekundu. "Umekwenda kwa baba'ko kuniuza," akakwambia. Uliapa kwa Mungu, hakukuamini. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Neno moja tu lingekuokoa, nikaogopa bakora ya Baba. Wiki haikwisha akakuandikia talaka.

Tukalala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa mimi. Ulinisuka, ulinipaka hina, ulinifunga kanga za harusi, na wewe hukuolewa tena. Nikahamia huku. Kila nikikupigia simu najiambia leo namwambia, kisha tunaishia kusimuliana magoti na hali ya hewa.

Najuta, Dada. Chama chenyewe hata sikumbuki kilituahidi nini. Nyumba yako naikumbuka, na jinsi ulivyokuwa ukimtaja Sefu kwa sauti ya chini, kama mgonjwa amelala chumba cha pili.

Wiki yako ya mwisho walikushikia simu sikioni. Sauti ilikuwa imekwisha. Ukasema, "Mdogo wangu, kama nimewahi kukukosea, nisamehe."

Nikasema, "Nimekusamehe, Dada."

Ukanishukuru.

Mola akurehemu.

Mdogo wako