Tambara la Kwenye Kifaru

Mjukuu wangu Salma,

Huku Ufukoni hatujambo. Bibi yako yuko Ziwani, anapalilia mikorosho.

Umeuliza kama hili kovu la kwenye paji la uso ni la vita. Hapana. Miaka ya tisini, nikiwa fundi jeshini, tulipokea vifaru vilivyokwisha kutumika nchi nyingine. Tukabadilisha injini na redio, tukapaka rangi upya. Ndani ya kimoja, juu ya kiti cha dereva, nilikuta tambara chafu limefungwa kwenye chuma. Nikalikata, nikalitupa.

Siku ya majaribio nilikiendesha mwenyewe. Shimo la kwanza tu, chuma kile kikanipasua.

Nililiokota tambara jalalani, nikalifunga palepale. Aliyelifunga mwanzo sikumjua, ila urefu wetu ulikuwa mmoja.

Babu yako,
Hamisi