Kidole Gumba Mbele ya Hakimu

Chumba namba sita,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
3 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Mgongo umepoa, au bado unalala sakafuni? Wifi hajambo? Na wanangu, kikohozi kimewaacha? Sisi huku ni wazima wa mwili tu. Mama anakula vizuri, ila siku hizi ananiangalia sana.

Usishangae kuona kalamu. Simu yangu iko mahakamani, eti ni kielelezo.

Siku ile nilikuwa njiani kwenda zamu. Fundi akaandika kwenye kundi letu la kazini: "Kifuniko cha mashine ya kukandia unga kimekatika. Tunaendelea kukanda." Nikaweka kidole gumba, kama ulivyotuzoesha ulipokuwa msimamizi kabla yangu: ukisoma ujumbe, weka kidole, tujue umeona. Nikajiambia nikifika nitaizima mwenyewe. Sikupiga simu, Kaka. Hilo linanitafuna. Nilipofika, mkandaji wetu, yule mama mcheshi, alikuwa ameshavutwa mkono. Vidole vitatu hana tena.

Sasa mwendesha mashtaka anasema kidole changu kilikuwa ruhusa. Alikichapisha kwenye karatasi, kikubwa kama sahani, akauliza ni nani asiyejua maana yake. Hakimu akakitazama, kisha akanitazama mimi.

Fundi naye anaapa kwamba bila kidole changu asingeendelea. Wenzangu wengine wanaogopa kufukuzwa, kila mmoja kashona mdomo. Wakili anasema umebaki wewe tu: wewe ndiye uliyeanzisha mtindo ule, na huko uliko hakuna wa kukufukuza. Najua na wewe utaogopa kuulizwa kwa nini uliuanzisha. Lakini naogopa jela, Kaka, sikufichi. Mama atabaki na nani? Mimi Chiriku, mliyekuwa mkiniomba ninyamaze, leo nakula kimya.

Kesi ni tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi.

Nisalimie wifi, wanangu, na binamu yetu mshonaji. Mama anawaombea nyote, Mungu awafunike kwa rehema zake.

Jambo la mwisho. Wiki iliyopita niliazima simu ya Mama nikakuandikia uje unitolee ushahidi. Ukanijibu kidole gumba, basi. Nimekitazama wiki nzima mpaka macho yanauma. Niandikie kwa maneno, Kaka: unakuja, au umeona tu?

Wako akupendaye, mdogo wako,
Chiriku